Mbegu ya mgunga iliyopita tumboni mwa mbuzi huota vizuri kuliko ya maji ya moto: ni kweli, na kwa nini?

#1 Ng'wana Nyanguge
Wakuu, habari za jioni. Niko Magu, upande wa Nyanguge. Kikundi chetu kimeamua kurudisha migunga kwenye malisho ambayo siku hizi ni mawe na vichuguu tu. Kitalu tumekiweka karibu na ziwa ili maji yasitusumbue, viriba vimeshajazwa udongo. Ugomvi umekuja kwenye mbegu.

Wazee wanasema tusihangaike na sufuria. Twende mazizini tusombe mavi ya mbuzi ya kiangazi, tuchekeche, na mbegu tutakazokuta humo ndizo za kusia. Vijana waliopitia mafunzo wanasema hayo ni mazoea tu, mbegu ya mgunga inamwagiwa maji ya moto jioni na kusiwa asubuhi, basi.

Mimi naona wazee wana hoja. Huku kwetu kila zizi lililohamwa limezungukwa na migunga ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Swali langu: mbuzi anaifanyia nini ile mbegu ambacho sufuria haifanyi? Vuli inakaribia, naomba mchango wenu.

#2 BibiKitalu (Buhongwa)
Karibu mwanangu. Wazee wako hawajakosea, na vijana nao hawajakosea. Shida ni kwamba wengi wakisikia "maji ya moto" wanatia mbegu kwenye sufuria inayotokota jikoni na kuziacha humo. Hapo umepika kande. Kinachochemshwa ni maji, siyo mbegu. Maji yakishachemka yaepue, yaache yatulie kidogo, ndipo umwagie mbegu zilizo kwenye ndoo. Maji yawe mengi, mara tano hadi kumi ya ujazo wa mbegu, kisha ziache humo humo zipoe na kulala mpaka kesho.

Asubuhi chambua. Zilizovimba zimekunywa maji, zisie siku hiyo hiyo, usizikaushe tena. Zilizobaki ndogo na ngumu kama kokoto bado hazijafunguka, zirudie au uzikwangue. Usizitupe, hizo ni nzima kabisa.

#3 Kijana wa Igoma
Kumbe mbuzi wa Usukumani ni maofisa misitu siku zote hizi na hawajawahi kulipwa posho!

#4 Kemia Darasani
Ngoja niweke msingi ili tuelewane. Mbegu ya mgunga haikatai kuota kwa sababu imelala usingizi ndani. Kiini kiko tayari. Kinachozuia ni ganda: lina safu ya seli ndefu zilizosimama zikibanana, na juu yake kuna utando kama nta. Maji hayapiti. Unaweza kuiloweka mbegu hiyo mwezi mzima ikatoka kavu ndani.

Kwa hiyo dawa yoyote, iwe maji ya moto, msasa, tupa au kisu, kazi yake ni moja, kufungua njia ya maji. Kwa mbuzi jibu ni asidi ya tumbo. Inalila ganda polepole mpaka linakuwa jepesi, mbegu ikitoka na mavi na mvua ikanyesha, inaota. Maabara wanafanya hivyo hivyo kwa asidi ya salfuriki.

#5 Mzee wa Ngitili (Shinyanga)
Mwalimu, hapo kwenye asidi nakurekebisha kidogo kwa heshima. Mbuzi ni mnyama wa kucheua, ana tumbo la vyumba vinne. Chumba kikubwa ambamo chakula kinakaa muda mrefu hakina ukali huo unaousema, kinakaribia hali ya maji ya kawaida. Asidi kali iko chumba cha nne, na huko mbegu haikai sana. Kwa hiyo asidi peke yake hainiridhishi.

Mimi naona kazi kubwa iko mdomoni. Mbuzi anatafuna anapokula, halafu anacheua na kutafuna tena. Mbegu nyingi zinasagika na kufa. Zinazopona zimekwaruzwa na meno. Sasa mtu anakuta mbegu kumi zizini zimeota zote, anasahau mamia yaliyogeuka nyama na maziwa. Sifa za mbuzi zinahesabiwa kwa walionusurika.

#6 Dada Kisesa
Mzee shikamoo. Mbona hakuna anayewataja wadudu? Chukua maganda ya matunda ya mgunga yaliyokaa chini ya mti wiki chache, yafungue. Utakuta mbegu zina vitundu mviringo kama zimetobolewa na sindano nene. Ni ndugu zao wale fukusi wa maharage. Mdudu anataga kwenye ganda likiwa bichi, funza anaingia ndani ya mbegu, anaila kimya kimya, halafu anatoka mkubwa na kuacha tundu.

Mbuzi akiwahi kula maganda mapema, funza anafia humo humo akiwa mdogo, kabla hajala kiini. Kwa hiyo mbegu ya zizini ni nzima kwa sababu imeponywa wadudu, ganda la mbegu lina sehemu yake ndogo tu. Ndiyo maana ukiokota mbegu zako mwenyewe, ziokote mapema na usizirundike gunia moja na za mwaka jana.

#7 Kemia Darasani
Mzee wa Ngitili, nimepokea hilo la vyumba, nilikuwa nawaza tumbo kama letu. Ila chumba cha nne bado kipo na asidi yake bado ni asidi, siwezi kuifuta kabisa.

Dada Kisesa, hoja nzuri, lakini ina upande wa pili. Lile tundu la mdudu nalo ni mlango wa maji! Mbegu iliyotobolewa pembeni bila kiini kuguswa inaweza kuota hata kabla ya ile nzima.

#8 Dada Kisesa
Inaweza, ila mche wake unatoka umechoka, chakula cha akiba kimeliwa nusu. Nimeona inachomoza na jani moja lililokatika, inasimama wiki, inalala. Siwezi kumshauri mtu asie hizo.

#9 Mwanabuchosa
Mnazungumzia mbegu, mimi naomba mtazame zizi lenyewe. Zizi lina samadi ya miaka. Udongo wake ni mlaini, una joto, unatunza unyevu. Ng'ombe na mbuzi wamekanyaga, mbegu zimefukiwa kwa kina kinachofaa. Likihamwa, hakuna mifugo ya kula miche. Hapo hata mbegu isiyopita tumbo lolote ingeota.

Na zaidi, mbegu za mlima mzima zinaletwa kulala sehemu moja kila usiku. Ukimwaga gunia la mahindi barabarani lazima baadhi yaote. Migunga kuzunguka zizi haithibitishi kwamba mbuzi anaongeza uotaji, inathibitisha kwamba mbuzi anahamisha mbegu.

#10 Ng'wana Nyanguge
Nimesoma wote, wabeja sana. Leo tumeenda zizi la jirani na akina mama wawili wa kikundi. Tumevunja zile punje za mavi makavu kwa mkono, tukatia kwenye ndoo ya maji, tukakoroga. Mavi yanayeyuka na kuelea kama majani ya chai, mbegu zinazama chini. Tukamimina kwenye chekecheche. Zilizobaki ni za kahawia iliyopauka, hazing'ai kama zile tunazotoa kwenye maganda. Ukizisogeza karibu na jicho unaona uso wake una ukungu na mikwaruzo. Chache zilikuwa zimeshavimba ndani ya punje.

Mwanabuchosa, hoja yako imenigusa lakini mbona uso wa mbegu wenyewe umebadilika? Hiyo siyo kazi ya udongo wa zizi, maana hizi zilikuwa bado ndani ya mavi makavu.

#11 BibiKitalu (Buhongwa)
Mwanangu, mgunga upi? Maana Kiswahili kinaita mgunga miti mingi, na hapo ndipo ushauri unapotelea.

Angalia ganda la tunda lake. Kuna ambayo ganda likikauka linapasuka lenyewe mtini na mbegu zinapeperuka au kudondoka. Acacia polyacantha ni hivyo, na Acacia senegal ile ya gundi ni hivyo. Mbegu zake ni bapa, ganda la mbegu ni jepesi, nyingi zinaota kwa kulowekwa usiku mmoja kwenye maji baridi. Ukizimwagia maji ya moto sana unaziua. Halafu kuna ambayo ganda halipasuki, linaanguka zima, nene, tamu, mifugo inaligombania. Acacia tortilis yenye ganda lililojisokota, Acacia nilotica yenye ganda kama shanga zilizobanana, na Faidherbia ile inayotoa majani kiangazi na kuyaangusha masika. Hizo ndizo zenye ganda la mbegu gumu hasa. Mti ambao haufungui ganda lake unategemea mdomo wa mtu mwingine.

(Wataalamu wamebadilisha majina ya kisayansi ya migunga ya Afrika, sasa wanaandika Vachellia na Senegalia. Mimi nimetaja yale ambayo bado yameandikwa kwenye pakiti nyingi.)

#12 Ng'wana Nyanguge
Ganda letu limejisokota kama hereni. Basi ni tortilis.

#13 Mzee wa Ngitili (Shinyanga)
Hiyo inahitaji kufunguliwa, haina mjadala.

Nikuongezee jambo kutoka kwetu. HASHI, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza mwaka 1986 watu walidhani kazi ni kupanda tu. Miche ilipandwa, ndiyo. Lakini eneo kubwa lililorudi kijani lilirudi kwa ngitili, yaani kufunga malisho na kuacha visiki na mbegu zilizokuwa tayari ardhini zijitokeze. Usiweke nguvu zote kwenye viriba. Fungeni sehemu, muone nini kitatoka chenyewe. Ardhi yenu ina mbegu ngumu za miaka mingi.

#14 Mwana Kagera
Naomba kuingilia uzi kidogo. Nipo Muleba, nina mbegu za mitiki nilizoletewa kutoka Morogoro. Zile kokwa kubwa zenye manyoya. Nimeshauriwa maji ya moto kama ya mgunga. Ni sahihi?

#15 BibiKitalu (Buhongwa)
Hapana, hapana. Mtiki ni habari nyingine. Unachokiita mbegu ni tunda zima lililokauka: nje ngozi yenye manyoya, ndani kokwa ngumu kama mfupa yenye vyumba vinne, na mbegu halisi ni ndogo laini zimejificha humo. Chumba kingine kina mbegu, kingine kitupu. Ndiyo maana kokwa moja inaweza kutoa mche mmoja, miwili, au isitoe kitu.

Dawa yake ni kulowesha na kukausha kwa zamu. Weka kwenye gunia, zamisha kwenye maji usiku kucha, asubuhi tandaza kwenye jua kali juu ya turubai au mwamba, jioni rudisha majini. Endelea wiki moja hadi mbili. Na maji ubadilishe kila mara.

#16 Ukerewe Moja
Huku kisiwani tunafunga gunia kwa kamba kwenye mtumbwi wa zamani, ziwa lenyewe linalisuuza. Asubuhi tunaanika juu ya mwamba. Jiwe la Mwanza likipata jua la saa saba huwezi kulikanyaga pekupeku, mitiki inapenda hivyo.

#17 Mwana Kagera
Sisi Wahaya, akina nshomile, hatukubali haraka haraka bila kujua sababu. Kwa nini kulowesha na kukausha? Kama kokwa ni ngumu, si bora kuigonga nyundo?

#18 Kijana wa Igoma
Nilijua tu Muleba watadai sababu kabla ya gunia kulowa.

#19 Kemia Darasani
Swali zuri na jibu lake halijafungwa. Maelezo ya kwanza: kokwa inavimba na kunywea, inavimba na kunywea, mpaka viungo vya vile vifuniko vinalegea na mche unaweza kusukuma. Ya pili: ngozi ya nje ina kemikali zinazozuia kuota, na maji yanayobadilishwa kila siku yanazisuuza. Ukitumia ndoo ile ile bila kubadilisha maji unaziogesha kwenye supu yake, ndiyo sababu Bibi amesisitiza kubadilisha.

Nyundo inafungua kokwa kweli, lakini inaponda mbegu laini ndani. Wachache wana mkono huo.

#20 Fundi Viriba (Mkolani)
Ya tatu umeisahau Kemia. Mbegu ya mtiki ikiwa ya msimu huu huu inakataa hata uifanyie nini. Ikikaa stoo kavu karibu mwaka, inakubali. Maana yake kuna kukomaa kunakoendelea ndani baada ya tunda kuanguka. Mtu anapokea mbegu iliyokaa, analoweka na kukausha, inaota, anasifu gunia. Kumbe muda ndio uliofanya kazi.

Na ya nne ni joto. Mtiki ni mti wa joto. Kitalu chenye kivuli kizuri, ambacho mikaratusi na mikangazi inakifurahia, mtiki unakaa tu unakutazama. Tuta la mtiki liwe juani kabisa. Huku kwetu ziwani usiku kunapoa, nadhani hiyo peke yake inaturudisha nyuma ukilinganisha na Kilombero au Longuza.

#21 Ukerewe Moja
Fundi, basi mwamba wetu unafanya mawili kwa pamoja, unakausha na unapasha. Huwezi kujua lipi linaotesha.

#22 Mwanabuchosa
Na ya tano: kokwa nyingi ni tupu. Kabla ya kulaumu njia yoyote, chukua kokwa kadhaa kutoka gunia lako, zikate katikati kwa msumeno mdogo au uzipasue kwa panga juu ya gogo. Hesabu ngapi zina mbegu nyeupe iliyojaa. Kama ni chache, hakuna gunia wala mwamba utakaokusaidia. Sisi tunaohesabu kokwa tukidhani tumehesabu mbegu ndio tunaoumia.

#23 Kahama Kwetu
Na mninga je? Tunda lake lina bawa la duara kama sahani na miiba katikati. Nimeshindwa kulifungua.

#24 Mzee wa Ngitili (Shinyanga)
Kata bawa kwa mkasi, halafu pale katikati kwenye miiba kata ukingo taratibu kwa kisu kikali au mkasi wa bustani mpaka uone mbegu, itoe. Kazi ya subira, lakini mbegu iliyotolewa inaota vizuri kuliko tunda zima kulifukia.

Ila jiandae kwa jambo moja. Mche wa mninga kiangazi unakauka shina lote mpaka chini. Mvua ikija unachipua upya kutoka kwenye mzizi, halafu unakauka tena, miaka kadhaa hivyo, huku mzizi unanenepa. Watu wanang'oa wakidhani umekufa. Usiung'oe.

#25 Kijana wa Igoma
Swali la kweli sasa, sitanii. Kemia ametaja asidi ya salfuriki. Gereji hapa Igoma kuna maji ya betri ya kutosha. Nikitumbukiza mbegu za mkrismasi humo nusu saa itakuwaje?

#26 Kemia Darasani
Ndugu yangu usifanye hivyo. Maji ya betri ni asidi iliyokwisha kuzimuliwa, karibu theluthi moja tu ndiyo asidi. Inayotumika maabara ni ile nzito ya zaidi ya asilimia 90, inayounguza ganda juu juu. Ya betri haiunguzi ganda sawasawa, lakini inatosha kabisa kukutoboa shati, ngozi na jicho. Tena ile ya betri iliyotumika ina madini ya risasi, na wewe unaenda kumwaga mabaki kwenye udongo wa miche au ziwani.

Hata hiyo ya maabara si ya kucheza nayo. Inataka glavu, miwani, chombo cha kioo, muda uliopimwa kwa kila aina ya mbegu, na kusuuza kwa maji mengi yanayotiririka. Na ukizimua, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji polepole. Ukimimina maji kwenye asidi inachemka ghafla na kukurukia. Kemikali za namna hiyo ziko chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sababu hizo hizo. Mbegu ya mkrismasi ni kubwa, unaishika vizuri kwa vidole. Kikata kucha kinatosha.

#27 Dada Kisesa
Nakazia kikata kucha. Kila mbegu ina kovu dogo pale ilipokuwa imeshikana na ganda la tunda. Mzizi unatokea upande huo. Wewe geuza, kata ncha ya upande wa pili. Kata kidogo tu, ukiona rangi nyeupe au ya maziwa imechungulia chini ya kahawia, simama. Loweka. Ya mkrismasi kesho yake imevimba mara mbili na ganda linakuwa kama ngozi iliyolowa. Mkwaju vile vile, mkongo vile vile.

Kwa mamia inachosha, ila tunakaa akina mama wanne na beseni katikati, maongezi yanaenda na mbegu zinakwisha.

#28 Fundi Viriba (Mkolani)
Kwa lusina huwezi kata moja moja, ni ndogo na nyingi. Maji ya nyuzi 80, dakika kama tatu, unayamwaga unatia baridi. Hapa Mwanza maji yanachemka kabla ya kufika 100, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, yanachemka kwenye 96 hivi. Mtu wa Tanga na mtu wa Mwanza wakisema "maji yanayotokota" hawasemi kitu kimoja.

#29 Mwanabuchosa
Tofauti ya nyuzi nne haiwezi kueleza kwa nini mmoja anaotesha na mwingine haoteshi. Mbona kinachotofautiana zaidi ni kiasi cha maji? Kikombe cha maji ya moto juu ya kilo ya mbegu kinapoa papo hapo. Ndoo nzima juu ya konzi moja inabaki ya moto na kuziua.

#30 Fundi Viriba (Mkolani)
Hapo nakubali. Lakini anayeleta kipimo cha joto kitaluni nimemwona bado ni mmoja tu, na miche yake inalingana kama imekatwa kwa rula.

#31 Kemia Darasani
Niwape kisa cha kweli kinachohusu uzi huu. Mwaka 1940 wakati wa vita, jumba la makumbusho ya viumbe la London lilipigwa mabomu likashika moto. Wazima moto wakamwaga maji. Baadaye mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa pale, za Albizia julibrissin, jamii moja na mkenge wetu, zikaota. Zilikusanywa China mwaka 1793. Miaka 147 kavu kabatini, halafu zikaota baada ya usiku mmoja wa moto na maji.

#32 Mzee wa Ngitili (Shinyanga)
Hiyo ndiyo picha ya moto wa porini na mvua ya kwanza. Wanaochoma malisho wakaona miche inatoka wanadai moto ndio unaootesha. Mimi nasema moto umepasua chache, umeua nyingi, na umeondoa majani yaliyofunika. Tusije tukampa mtu hapa sababu ya kuwasha kiberiti.

#33 Mwana Kagera
Lakini Mzee, za London bila moto zingekaa kabatini mpaka leo.

#34 Dada Kisesa
Au maji tu yangetosha? Miaka 147 ganda lenyewe huenda lilishachoka likaweka nyufa. Nani alijaribu kuzilowesha bila moto?

#35 Mama Nyegezi
Habari zenu. Mimi nimenunua mbegu za mwarobaini duka moja mjini, pakiti nzuri imefungwa. Nimemwagia maji ya moto, nyingine nimekwangua, nyingine nimeloweka. Hakuna hata moja. Nilipanga kuweka kivuli shuleni kwa watoto. Nifanye nini zaidi?

#36 BibiKitalu (Buhongwa)
Pole sana mwanangu, kosa si lako. Mwarobaini hauna ganda gumu la kufungua. Mbegu yake ina mafuta na haivumilii kukaa. Ikitoka mtini ina wiki chache tu za nguvu, baada ya hapo inakufa ndani ya pakiti yake nzuri. Hakuna dawa ya kufufua iliyokufa.

Subiri matunda yaive, yawe ya njano. Okota au chuma, menya ile nyama tamu, osha kokwa, kausha kivulini siku chache, sia. Usianike juani. Mwanza nzima ina miarobaini, hata huhitaji kununua. Katazame chini ya mti ambapo ndege na popo wanalala, utakuta kokwa zimeshamenywa tayari.

#37 Mama Nyegezi
Asante Bibi. Kumbe nilikuwa nazifungulia mlango nyumba isiyo na mtu.

#38 Fundi Viriba (Mkolani)
Tena wauzaji wangelazimika kuandika tarehe ya kuvuna kwenye kila pakiti. Kwa mgunga mwaka mmoja si kitu. Kwa mwarobaini ni kila kitu.

Na jambo lingine ambalo hakuna aliyeligusa: mtu anafungua mbegu vizuri, zinaota zote, kisha miche inakatika shingoni na kulala chini. Hiyo ni kinyausi, ukungu wa udongo. Anasema njia ya maji ya moto ni mbaya. Njia ilikuwa nzuri, umwagiliaji ndio mbaya. Anayeishi jirani na ziwa anamwagilia bila huruma kwa sababu maji yapo. Changanya mchanga wa kutosha, mwagilia asubuhi, sia kwa nafasi, punguza kivuli mapema.

#39 Ng'wana Nyanguge
Wakuu nimefaidika mno. Kikundi kimekaa leo chini ya mwembe. Tutagawa mbegu mafungu matatu: za zizini, za maji ya moto, na za kukatwa kikata kucha. Udongo mmoja, siku moja, mwagiliaji mmoja. Wazee wamekubali, tena mmoja ameomba awe mhesabu wa fungu la mbuzi.

#40 Mwanabuchosa
Ongezeni fungu la nne, mbegu za kwenye maganda zisizofanyiwa chochote. Bila hilo hamtajua hata moja kati ya hizo tatu imeongeza nini. Na la tano kama mnaweza: mbegu za kwenye maganda mkizichanganya na samadi ya zizi. Hapo ndipo mimi na Mzee tutajua nani ana hoja.

#41 Dada Kisesa
Na zenye vitundu ziondoeni kwanza kwenye mafungu yote, la sivyo mtakuwa mnapima wadudu.

#42 Mzee wa Ngitili (Shinyanga)
Zile za zizini zimeshachujwa na meno ya mbuzi, Dada. Hata mkiondoa vitundu, mafungu hayalingani. Ili yalingane mngemlisha mbuzi mbegu zilizohesabiwa na kuhesabu zinazotoka. Na kumbukeni mbuzi anacheua, nyingine anazitema usiku, hazipiti kabisa.

#43 Ng'wana Nyanguge
Mzee, mbuzi tunao. Mhesabu tunaye. Anayeweza kukaa na mbuzi usiku kucha na tochi ajitokeze.

#44 Mwana Kagera
Wakati mnamtafuta mlinzi wa mbuzi, naomba na musizi. Huku unatoa mbao za haraka na nimepata kokwa nyingi, ila zinaota moja leo, nyingine baada ya mwezi, nyingine kimya.

#45 BibiKitalu (Buhongwa)
Ndivyo ulivyo musizi, unaota kwa kupishana. Toa nyama yote, osha, chukua kokwa mpya tu, loweka kwenye maji baridi siku chache ukibadilisha maji, sia na ufunike majani makavu. Ikiota moja ihamishe kwenye kiriba, tuta liache liendelee, usilivunje kwa miezi kadhaa. Ukiona mahali hondohondo wanapolala, okota kokwa chini yao, zimeshamenywa safi. Na uupande mbali na msitu wa asili. Kule Amani, Usambara, uliletwa kama mgeni, hondohondo wakausambaza mpaka ndani ya msitu, na hadi leo unawasumbua.

#46 Kijana wa Igoma
Kwanza mbuzi, halafu popo, sasa hondohondo. Dada Kisesa, kikata kucha kile unanunua wapi? Nina mbegu za mkrismasi kopo zima.

#47 Dada Kisesa
Soko lolote, nunua kile kikubwa cha kucha za miguu, kidogo kinapinda. Kata leo, loweka leo, kesho jioni sia zilizovimba tu. Zilizobaki niambie ni ngapi na ulikata upande gani.